Kiazi chini ya mkorosho

Chini ya mkorosho wetu hapa Tangini palikuwa na majani makavu na kuku tu. Kivuli cha mkorosho ni kizito na mizizi yake hunywa maji yote ya juu. Kila ua nililopanda pale lilikufa, isipokuwa Zamioculcas zamiifolia, mmea ambao wauza maua huuita ZZ na kuuuza kama mgeni kutoka mbali. Si mgeni. Kwao ni misitu ya ukanda wetu, kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, Unguja ikiwemo. Waholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi mwaka 1996, ndipo ukajaa madirishani duniani kote.

Tafadhali, usiende kwenye misitu ya Pugu wala Kazimzumbwi kuung'oa. Mche 1 wa dukani unatosha, kwa kuwa mmea huu huzaliwa na jani. Kinachoonekana kama shina lenye majani ni jani 1 lenye vijani pande zote mbili. Januari nilichuma vijani, nikaviacha kivulini siku 2 kidonda kikauke, kisha nikavichomeka kwenye mchanga mtupu hadi nusu, kikonyo kikiwa chini. Vaa glavu, utomvu wake huwasha. Machi nikafukua kimoja: kwenye kikonyo palikuwa na kiazi cheupe, kidogo kama punje ya choroko, chenye mizizi myembamba kama uzi. Chipukizi lilisubiri hadi vuli.

Wengi huuua kwa maji. Wanaona kivuli, wanadhani panahitaji unyevu, wanamwagilia kila jioni hadi viazi vinaoza. Lakini msitu wa pwani, pamoja na kivuli chake chote, hukaa miezi bila mvua ya maana kati ya masika na vuli. Mmea umejipanga kwa hilo. Huweka akiba ya maji kwenye viazi na kwenye sehemu nene ya chini ya jani. Ukishikwa na kiu, huweza kuvuta hewa usiku, jua likiwa limezama. Ukame ukizidi, huangusha vijani, na kijani kilichoanguka kinaweza kuanza kiazi chake palepale chini.

Masika yaliyofuata nilihamishia miche chini ya mkorosho, kwenye mchanga uliochanganywa na makumbi ya nazi yaliyooza, viazi vikifunikwa kidogo tu. Sijamwagilia tangu mvua zile ziishe. Leo jani refu limenifika kiunoni, na pembeni yake chipukizi jingine limechomoza kama ncha ya mkuki, linang'aa kana kwamba limepakwa mafuta.