Jinsi Ukuta Ulivyopandika

Lara Croft amesimama ukingoni mwa shimo. Mchezaji anayemfahamu hashughuliki na kina cha shimo lenyewe. Anahesabu miraba ya sakafu. Anamrudisha nyuma kwa mruko mmoja mfupi, anamkimbiza, anabonyeza kitufe cha kuruka mapema, kisha anashikilia cha kudaka. Vidole vya Lara vinanasa ukingo wa ng'ambo. Bahati haijahusika hapo hata kidogo. Tomb Raider ya 1996, kazi ya kampuni ya Core Design mjini Derby, Uingereza, imejengwa yote kwa miraba ya ukubwa mmoja, na kila mruko una kipimo chake. Kuruka kwa kusimama huvuka mraba mmoja, kwa kukimbia huvuka miwili, na ukikimbia, ukaruka na kudaka, unavuka mitatu. Wa nne hauvukiki, hata ungebonyeza kwa hasira kiasi gani.

Gemu za mapambano na safari zimejaa kuta, majabali na mapaa ya kupanda, na karibu kila mchezaji ana yake anayoipenda. Lakini ukizifungua ndani uone zilivyotengenezwa, tofauti kubwa ni moja: hesabu ya kupanda anaifanya nani? Kuna gemu ambamo anaifanya mchezaji, na kuna ambamo mtengenezaji ameshaimaliza kabla gemu haijaingia dukani. Za aina ya kwanza ndizo zinazodumu, hata zikiwa na sura mbaya.

Kabla ya Lara kulikuwa na Prince of Persia, iliyotoka mwaka 1989 kwa kompyuta za Apple II. Mtengenezaji wake, Mmarekani Jordan Mechner, alimrekodi kwa video mdogo wake David akikimbia, akiruka na kudandia, kisha akazihamishia zile picha kwenye kompyuta moja baada ya nyingine. Ndipo watu wakaona kwenye skrini mwili wenye uzito. Shujaa hasimami papo hapo kama taa iliyozimwa. Huteleza hatua moja mbele, na hatua hiyo hiyo ndiyo inayomwangusha kwenye miiba. Vyumba navyo viligawanywa kwa vipande vya sakafu vya upana sawa, kumi kwa kila safu, safu tatu kwa skrini, kwa hiyo aliyecheza kwa muda alijua mruko wake utaishia kipande gani. Saa ya gemu nayo inakwenda: dakika 60, zikiisha umeshindwa.

Picha hizo za mwendo zilikula karibu kumbukumbu yote ya mashine, pasibaki nafasi ya kuchora adui mpya. Mechner akaichukua picha ya shujaa mwenyewe, akaisogeza kidogo na kuichanganya na ile ya awali kwa hesabu ya kompyuta, akapata umbo jeupe linalometameta. Huyo ndiye yule kivuli anayemfuata shujaa hadi karibu na mwisho. Adui anayekumbukwa kuliko wote katika gemu ile alizaliwa na uhaba.

Mwaka 2005 kikosi cha mtengenezaji Fumito Ueda kilitoa Shadow of the Colossus kwa PlayStation 2, na hapo ukuta wenyewe ukaanza kutembea. Maadui ni majitu 16, na kila jitu ni mlima ulio hai: unapanda manyoya yake huku linakutikisa ili likutupe. Miraba haisaidii tena, maana sakafu sasa ni mgongo unaopinda na bega linaloinuka. Badala yake mchezaji amepewa mduara mdogo pembeni mwa skrini unaopungua kadiri shujaa anavyong'ang'ania. Ukiisha, mikono inaachia. Kushika kunataka kitufe cha R1 kishikiliwe muda wote, na hapa kuna ufundi ambao wakosoaji wengi waliupita haraka: kidole cha mchezaji kinachoka pamoja na mikono ya shujaa. Mashine ile yenye kumbukumbu ya megabaiti 32 ilielemewa waziwazi, picha zikawa zinakwamakwama jitu linapochachamaa, na kamera ilikuwa na ukaidi wa punda. Bado hakuna gemu ya miaka ile iliyofanya kupanda kuwe na uzito kiasi hicho.

Kisha mambo yakalainika mno. Assassin's Creed ya 2007, ambayo mradi wake ulianza kama gemu nyingine ya Prince of Persia, ilimruhusu mchezaji kushikilia vitufe viwili na kumwacha shujaa wake, Altaïr, akwee minara ya Dameski mwenyewe. Kwa gemu ile uamuzi huo una hoja, kwa kuwa raha iko kwenye mji: kuukimbia, kuuchungulia kutoka juu, kupotelea kwenye umati. Uncharted, iliyoanza mwaka huo huo, haina kisingizio hicho. Shujaa wake, Nathan Drake, ananing'inia kwenye genge, jiwe linamegeka mkononi, anapiga yowe, na haanguki. Jiwe limepangiwa kumegeka. Ukirudia sehemu hiyo kesho litamegeka tena, na Drake ataokoka tena. Ni sinema nzuri, na waliopenda mfululizo ule hawakukosea kuupenda, ila kama gemu ya kupanda haina hesabu yoyote ya kufanya.

Hapo ndipo rangi ilipoingia. Kingo zinazoshikika zikapakwa nyeupe au njano ili mchezaji asipotee, na mwanzoni mwa 2024, toleo la majaribio la Final Fantasy VII Rebirth lilipoonyesha jabali lenye alama za njano, mashabiki walibishana kwa siku nyingi. Wanaoilaani rangi hiyo husahau ilikotoka. Mwaka 1996 chumba cha Lara kilikuwa na maumbo machache kiasi kwamba kila ukingo ulikuwa ukingo, basi. Leo jabali moja lina mawe mengi yaliyochorwa kwa ustadi, na ni matano tu yanayoshikika. Macho ya mchezaji hayana njia ya kuyatambua. Uzuri wa picha ndio ulioleta tatizo, na rangi ni kiraka.

Nintendo waling'oa tatizo kwenye mzizi. Katika The Legend of Zelda: Breath of the Wild, iliyotoka Machi 2017, karibu kila jabali linapandika, kwa hiyo hakuna haja ya kumwonyesha mtu lipi. Mwongozaji wake, Hidemaro Fujibayashi, alieleza mwaka huo kwamba kikosi kilianza na gemu ndogo ya majaribio iliyofanana na Zelda ya 1986, ili kupima kanuni kabla ya kuchora dunia nzima. Bei ya uhuru huo ni duara la kijani la nguvu. Shujaa wake, Link, anaanza na duara moja na anaweza kufikisha matatu, na kila mruko wa kupandia hunyofoa kipande kikubwa. Mchezaji anasimama chini ya mlima, anatafuta vijukwaa vya kupumzikia, anapanga njia. Hesabu imerudi mikononi mwake. Nayo milima ilichongwa kwa umbo la pembetatu, ili iwe na kitu kinachojificha nyuma yake na mtu achague kupanda au kuzunguka.

Mvua ndiyo iliyoharibu. Ikinyesha, Link anateleza, na wazo lenyewe ni zuri. Kipimo ndicho kibaya, maana mara nyingi kinachobaki ni kuketi kando ya moto kungoja ikatike. Tears of the Kingdom ya 2023 ilileta mavazi ya chura yanayopunguza kuteleza, na pia uwezo wa kupenya dari moja kwa moja hadi juu, ambao ulianza kama njia ya mkato ya watengenezaji wakati wa kukagua mapango yao.

Gemu hizi hazionekani sana kwenye vibanda vya gemu vya Dar es Salaam na Nairobi. Padi hulipiwa kwa mechi au kwa muda, mpira ndio unaotawala, na shimo moja la Lara linaweza kumaliza hela yote ya mtu. Ni gemu za nyumbani, za kuhifadhi ulipofika na kurudi kesho.

Anayetaka kuonja chanzo ana njia rahisi: gemu tatu za kwanza za Tomb Raider zilitolewa upya kwa pamoja Februari 2024, kwa konsoli na kompyuta, zikiwa na picha za zamani na mpya pamoja na mitindo miwili ya uendeshaji. Chagua picha mpya ukipenda, lakini uendeshaji uuache wa zamani, ule wa Lara kugeuka kama kifaru cha vita. Ule wa kisasa unavuruga hatua zinazotangulia mruko, na bila hatua hizo miraba haihesabiki.