Kompyuta na Kiswahili cha Elisabethville

Miongoni mwa vitabu vya historia ya ukoloni, ni vichache vimhusuvyo mtaalamu wa lugha kama kile alichokihariri Johannes Fabian mwaka 1990. Ndani yake mna maandishi ya André Yav ya mwaka 1965, yaliyotolewa kwa jina la watumishi wa nyumbani wa zamani wa Elisabethville, mji wa Kongo uitwao Lubumbashi tangu 1966. Humo utawala wa Wabelgiji wasimuliwa na wale waliowatumikia, tena kwa Kiswahili chao wenyewe.

Mhariri amefanya vyema kuyachapa maandishi hayo kama yalivyo. Tahajia yake haina kanuni moja, wala mipaka ya maneno haikudumu. Hata ikabidi Kalundi Mango ayasome kwa sauti, na usomaji huo ukaandikwa upya. Twaona upungufu mmoja: tafsiri na maelezo ni ya Kiingereza, na msomaji Mswahili hana ufafanuzi kwa lugha yake.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa, kwa kuwa matini ya namna hii huchunguzwa kwa kompyuta. Kompyuta kwa kawaida hutambua neno kwa nafasi zilizo kandokando yake. Ikipewa “ali kwenda” huhesabu maneno mawili. Kwa hiyo wachunguzi hupenda kunyosha tahajia kwanza, na kipimo chao ni Kiswahili Sanifu. Lakini kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilisanifisha lugha kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, Kongo haikuwamo. Kumsahihisha Yav kwa kanuni hizo ni kumhukumu kwa sheria ambayo nchi yake haikushiriki kuitunga, na pia ni kufuta ushahidi wa jinsi alivyoigawa lugha alipoiandika.

Rai yetu ni kwamba matini yahifadhiwe kwa tabaka tatu: yaliyoandikwa, yaliyosomwa, na yaliyosanifiwa, kila mstari ukiwa na namba moja katika tabaka zote. Kila hesabu itaje tabaka iliyotumika. Pasipo hivyo, orodha ya maneno itakayotolewa itakuwa ya mhariri, nayo itapewa jina la Yav. Ufafanuzi wa Kiswahili nao wangojewa, na yafaa uandikwe pamoja na wasemaji wa Lubumbashi.