Ukuta wa Chokaa Haupakwi Rangi ya Mafuta

Ukuta ule wa Mji Mkongwe uliochorwa kwa ajili ya Idi uliharibika siku kopo la kwanza la rangi lilipofunguliwa. Michoro haina lawama: mliopita pale sikukuu mmeiona wenyewe, milango ya nakshi na mashua zimepimwa kwa kamba, rangi zimepangwa na watu wanaoijua kazi. Lakini kikundi cha vijana waliouchora kiliamua kupaka rangi ya mafuta juu ya chokaa, tena masika yameshaanza, kwa sababu walitaka ukuta ung'ae siku ya Idi.

Ukuta wa mawe ya matumbawe una unene wa kama nusu mita, na chini yake hakuna kitu cha kuzuia maji. Unavuta unyevu na chumvi kutoka ardhini, kisha unautoa nje kupitia plasta yake ya chokaa. Ndivyo ulivyodumu. Rangi ya mafuta ikikauka inakuwa ganda. Unyevu unakosa njia, rangi inatoka malengelenge, chumvi inajikusanya nyuma yake na plasta inageuka unga. Isitoshe, plasta ile ilikuwa imezibwa viraka karibuni, na chokaa mbichi ni kali: ikikutana na mafuta penye majimaji, inayageuza sabuni. Wanaosema praima ilipakwa wajue kwamba praima ya mafuta ni mafuta vilevile.

Karibu na bomba la mvua, chini ya mashua ya kwanza, buluu ilikuwa imeshavimba hata Sikukuu Nne haijafika. Ukiibonyeza kwa kidole inateleza, na nyuma yake panatoka unga mweupe wenye chumvi.

Nimeambiwa kwamba chokaa ingeoshwa na mvua. Ingeoshwa, ndiyo, kwa sababu kazi ilichelewa. Idi inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa kizungu. Mwaka 2023 iliangukia Aprili, 2024 Aprili tena, 2025 mwisho wa Machi. Kalenda hiyo iko wazi kwa kila mtu. Miaka ya namna hiyo kazi ianze Rajabu, kaskazi bado inavuma, wala isingojee kumi la mwisho la Ramadhani.

Kosa hili lilianza na saruji: aliyeipiga juu ya kuta hizi ndiye aliyetuzoesha kuziziba. Rangi ya mafuta ni kosa lilelile kwa brashi.

Mafundi wa zamani walizima chokaa, wakairoweka muda mrefu, wakaichuja. Walilowanisha ukuta kwanza, wakapaka nyepesi kama maziwa, mikono mitatu au zaidi, kila mkono ukiachwa ukauke, tena upande wenye kivuli. Mchoraji anayetaka rangi achanganye za udongo au oksaidi ya chuma, maana rangi nyingine nyingi zinaunguzwa na chokaa. Asizidishe sehemu moja ya kumi ya uzito wa chokaa, la sivyo itamfuata kila atakayeegemea ukuta.

Na anayependa mng'ao amtazame mchoraji Edward Saidi Tingatinga. Alipoanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Dar es Salaam alitumia rangi ya baiskeli, yenye mafuta na inayong'aa kuliko hii, lakini aliiweka juu ya hadibodi, mahali inaposhika. Alifariki mwaka 1972 na wanafunzi wake wakaendelea hivyohivyo. Kikundi chetu kingechora mashua zile kwenye hadibodi, kikazitundika wiki ya Idi, kisha kikazishusha salama. Ukuta ungepata chokaa yake, na watu wangepata mng'ao wao.

Sasa vijana wabandue rangi ile yote kwa kikwanguo na brashi ngumu. Wasitumie moto wala msasa wa mashine. Wauache ukuta wazi ukauke kipindi chote cha kipupwe, na mkono wa kwanza wa chokaa upakwe kabla ya vuli.