Majitaka ya Mji Mkongwe: kazi iliyoachiwa bahari

Waliochora mabomba ya majitaka ya Mji Mkongwe wa Zanzibar enzi za Waingereza hawakuweka mtambo wa kuyasafisha mwishoni. Mabomba yalifuata mteremko, yakapita chini ya vichochoro na kutokeza ufukweni; kazi iliyobaki ikaachiwa bahari. Bomba hilohilo hubeba maji ya choo, ya jikoni na ya mvua. Ukisimama Malindi, kati ya bandari na Funguni, uko ndani ya mpango huo, nao unafaa kupimwa kama mtambo wowote: kinachoingia, kinachotoka na kinachosalia.

Nguvu yake ni maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua kimo cha bahari hupanda na kushuka karibu mita 4, na mkondo kati ya mji na visiwa vya Changuu na Bawe huchanganya majitaka na maji mengi mno. Chumvi na jua huua sehemu kubwa ya bakteria wa kinyesi. Lakini bamvua hiyohiyo huziba njia: bahari ikijaa huingia kwenye midomo ya mabomba, na ikigongana na mvua ya masika, majitaka hurudi juu kwenye mitaa ya chini. Maji yakipwa, midomo hubaki wazi na uchafu hutiririka juu ya mchanga. Siku za maji mafu mkondo hulegea, na kilichotoka hukaa karibu na pwani.

Kinachonisumbua zaidi ni fosfeti, inayotoka kwenye mkojo, kinyesi na baadhi ya sabuni za kufulia. Hii haifi kwa jua. Mwaka 1995 Mats Björk, Salim Mohammed, Marie Björklund na Adelaida Semesi walichapisha utafiti katika jarida la Ambio kuhusu mwani unaojijengea chokaa kwenye miamba ya Unguja. Waliona kwamba kadiri unavyokaribia majitaka ya mji, mwani huo unapungua, na majaribio yao yakaonyesha fosfeti inadumaza ukuaji wake. Mwani huu ndio saruji ya mwamba: hushikanisha vipande vya matumbawe na kuwapa watoto wa matumbawe mahali pa kutua. Ukitoweka, mwamba hulegea hata kama maji yanaonekana safi kwa macho. Wavuvi wanaoshusha samaki kwenye diko la Malindi wanaitegemea miamba hiyo.

Mji uliwahi kuwa na hori, lililoingia kutoka Funguni na kupita nyuma ya mji hadi upande wa Mnazi Mmoja. Lilitupiwa taka kwa miaka mingi, likawa kero ya kweli. Upande wa kusini ulikaushwa mwaka 1915, na kufikia 1957 lote lilikuwa limefukiwa. Kero iliondoka, ila pamoja nayo iliondoka nafasi ya kupokea maji ya mvua yanayoshuka kutoka Ng'ambo, mitaa ya upande wa pili wa hori.

Ndiyo maana naona mitaro ya maji ya mvua iliyojengwa chini ya mradi wa huduma za mji, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 2011, ina uzito zaidi kuliko ukuta wa Mizingani uliokarabatiwa na mradi huohuo, ingawa ukuta ndio unaopigwa picha. Mji ukija kujenga mtambo wa kusafisha, utategemea bakteria wanaokula uchafu, na mvua moja kubwa ikiingia huwasomba wengi wao. Maji ya bahari nayo yakipanda ndani ya bomba, chumvi huwadhoofisha. Kwa hiyo mvua itenganishwe kwanza na choo, na midomo ya mabomba iwekewe vifuniko vinavyojifunga bahari inapojaa.

Mji wa Moshi ulichimba mabwawa ya kusafisha majitaka huko Mabogini, na maji yanayotoka humo hunywesha mashamba ya mpunga, kwa hiyo virutubisho huishia shambani. Mji Mkongwe hauna ardhi ya mabwawa. Majitaka yake yatahitaji kukusanywa na kusukumwa kwa pampu hadi nje ya mji. Kurefusha bomba tu hadi kwenye kina kutaondoa harufu Malindi na kusogeza fosfeti karibu na Bawe na Changuu.

Kazi ya kukusanya na kusafisha majitaka ikifanyika, ipimwe kwa fosfeti iliyomo kwenye maji ya mbele ya Malindi, na sampuli zichukuliwe siku ya maji mafu, wakati mkondo hauna nguvu ya kuficha chochote.