Kibuyu Kabla ya Maziwa

Ukitaka kumjua fundi wa mursik, maziwa ya kugandisha ya Wakalenjin, mtazame siku ambayo hajagusa maziwa. Siku hiyo ndiyo yenye kazi. Maziwa yakishamiminwa kibuyuni, mama wa Kinandi au wa Kipsigis hana mengi ya kufanya ila kungoja. Kufaulu au kuharibika kwa maziwa hayo kumeshaamuliwa mapema, kwenye ukuta wa ndani wa kibuyu, mahali ambapo macho yake hayafiki na mkono wake haupiti.

Wakenya wengi wameiona mursik kwenye televisheni. Mwanariadha ametua kutoka mashindano ya ng'ambo, mama mzee anamwinulia kibuyu kilichopambwa kwa shanga, mwanariadha anapiga mafunda mawili matatu, na midomo yake inabaki na rangi ya kijivu inayokaribia samawati. Hiyo ni heshima kubwa, na anayeipokea ameitolea jasho. Mimi lakini macho yangu huganda kwenye kibuyu chenyewe. Natamani kujua ni nani aliyekiosha, kwa muda gani, na alichoma mti gani.

Kibuyu, ambacho Wakalenjin hukiita sotet, huanza kama mumunye linalotambaa juu ya ua. Haliliwi na halichumwi mapema. Huachwa mpaka mmea unyauke na ganda likauke hadi kuwa gumu kama mbao, kwa sababu linalochumwa changa hunywea na kupinda. Kisha hukatwa mdomo na kujazwa maji, nyama ya ndani ioze taratibu, itolewe pamoja na mbegu, maji yabadilishwe, yabadilishwe tena. Ule uchungu wa mumunye ni mkaidi. Fundi huonja maji aliyoyalaza humo usiku kucha, na yakiwa bado machungu huyamwaga na kuanza upya. Hapa ndipo watu wenye haraka hushindwa. Uchungu uliobaki hauondoki kwa kufunikwa na maziwa. Huingia ndani yake na kukaa.

Kikishakauka huja moto. Mti unaopendwa zaidi ni senetwet, ule wa maua ya manjano ambao wataalamu wa mimea huuita Senna didymobotrya. Pengine hutumika mzeituni mwitu au muwati. Tawi lililokauka vizuri huchomwa kwenye figa mpaka ncha iwe kaa jekundu lisilotoa moshi mwingi, na kijinga hicho huingizwa kibuyuni kingali na moto. Hapo mama huchukua sosiot, ufito mrefu wa mkindu ambao ncha yake imepondwa ikawa nyuzi, na kuanza kulisaga kaa kwenye kuta. Anasukuma, anazungusha, anageuza kibuyu, anasukuma tena. Anafanya kazi kwa sikio na kwa kiganja: kaa likiwa bado na vipande husikika likikwaruza, likishakuwa unga sauti huwa laini. Akiridhika hukipindua, akakigonga kwa kiganja unga uliozidi udondoke, na kubakiza utando mweusi ulioshika kila upande mpaka shingoni.

Nimewahi kumwona kogo mmoja, yaani bibi mzee, akirudia hatua hii yote kwa kibuyu ambacho mimi niliapa kilikuwa tayari. Alikinusa, akatikisa kichwa, akarudi kwenye figa. Hakueleza, na sikuona haja ya kumuuliza, maana pua yake ilikuwa na miaka mingi kuliko maswali yangu.

Utando ule una kazi zaidi ya kupendeza. Ganda la kibuyu lina vitundu vidogo mno, na ndani yake ndimo yanamojificha mabaki ya maziwa ya zamani pamoja na vijidudu vya kila aina. Moto na mkaa huwapunguza wanaoozesha, huziba nyufa ndogo, na huyapa maziwa ile harufu ya moshi mtamu ambayo mtu aliyekulia Kericho au Kapsabet huitambua akiwa bado mlangoni. Lakini hawafi wote. Bakteria wanaogandisha maziwa, wengi wao wa jamii ya Lactobacillus, hubaki wa kutosha kuanzisha kazi upya. Ndiyo maana fundi wa zamani hahitaji kununua chachu wala kuomba kijiko cha mtindi kwa jirani. Mbegu imo kibuyuni. Kuosha kwake ni kazi ya mizani: asafishe mpaka uozo uondoke, asisafishe mpaka uhai wenyewe uishe.

Mizani hiyo imekuwa ya lazima zaidi tangu watu waanze kuchemsha maziwa. Zamani yalitoka kwa ng'ombe yakaenda kibuyuni moja kwa moja. Leo mama mwangalifu huyachemsha kwanza, na naona amefanya vyema, kwani maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu na homa ya bruselosisi. Lakini jiko haliui wabaya peke yao. Maziwa yaliyochemka huingia kibuyuni yakiwa matupu, na kibuyu hubaki na jukumu lote la kuyaamsha. Huachwa kwanza yapoe kabisa, sufuria ikiwa imefunikwa, kwa kuwa yakimiminwa yangali moto yataua kile kidogo kilichonusurika.

Kuna maziwa ambayo hayagandi hata kibuyu kiwe cha nani. Ng'ombe aliyedungwa antibayotiki kwa ugonjwa wa kiwele hutoa dawa hiyo ndani ya maziwa kwa siku kadhaa, nayo huwazuia bakteria wa kibuyuni vilevile inavyowazuia wa kiweleni. Mama anayejua ng'ombe wake hasubiri kushangaa. Maziwa ya siku hizo hayafiki sotet.

Kisha kibuyu hujazwa karibu na mdomo, ili hewa isipate nafasi ya kulea ukungu, hufunikwa, na huwekwa pembe ya nyumba yenye giza na ubaridi. Anayetengeneza yogati nyumbani huweka maziwa yake kwenye joto la nyuzi 42 hadi 45, na baada ya saa chache yameshika. Mursik haina haraka hiyo. Huku kwa Wakalenjin, mji wa Eldoret uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, usiku ni wa baridi, na bakteria wa kibuyu wamezoea kufanya kazi polepole. Wanaila sukari ya maziwa na kuigeuza asidi, kidogo kidogo, mpaka kipimo cha pH kikaribie 4.6, ambapo protini ya maziwa iitwayo kaseini hushikamana na kuganda. Siku tatu au nne zinatosha kwa mtu asiyeweza kungoja. Wenye subira huiacha wiki kadhaa, wakimwaga maji yanayojitenga na kuongeza maziwa mengine, na ladha huwa kali zaidi lakini pia iliyotulia, isiyochoma ulimi.

Siku hizi mjini mursik hutengenezwa hata kwenye mitungi ya plastiki, mkaa ukinyunyizwa ndani kama viungo. Siwalaumu, nyumba za kupanga hazina figa wala ua wa kutambaza mumunye. Ila nasema wazi kwamba hicho ni kinywaji kingine. Plastiki haina vitundu vya kuhifadhi mbegu, mkaa hauna pa kushika ukazama chini, na kila awamu lazima ianze na chachu ya kuazima. Kibuyu kizee hubeba kazi ya awamu zote zilizopita, na ndiyo sababu kikipasuka hakitupwi. Ufa hutobolewa pande mbili na kushonwa kwa uzi mgumu, mshono ukawa kama kovu la heshima, na kibuyu kikarudi kazini.

Kabla ya kumkaribisha mgeni, mama hukitikisa kibuyu kwa nguvu, mikono miwili, ili mgando uvunjike na unga wa mkaa ulioshika kuta uchanganyike sawasawa. Hufungua na kunusa. Mursik ikiwa na rangi ya waridi au ukungu humwagwa yote bila majadiliano, na kibuyu hurudi kwenye maji na moto. Ikiwa safi humimina kidogo, akaonja yeye kwanza mbele ya mgeni, ndipo akampa. Huandamana na ugali wa wimbi, kimnyet, ungali unatoa mvuke. Ubaridi na ukali wa mursik hukata uzito wa wimbi, moshi wa senetwet hupanda puani mwishoni, na sijapata kuona kitoweo kingine kinachoutendea ugali huo haki kiasi hicho.