Kaizari Katika Rupia ya Fedha

Rupia ya fedha ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilianza kutolewa mwaka 1890. Uzito wake ni gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 917 ni fedha. Vipimo hivyo viliigwa kwa makusudi kutoka rupia ya India yenye sura ya Malkia Victoria, iliyokwisha kuzoeleka pwani pamoja na riale ya Maria Theresa. Malkia huyo wa Austria alifariki mwaka 1780, lakini riale yake iliendelea kupigwa miaka mingi baadaye, ikiwa na mwaka uleule wa kifo chake.

Mbele ya rupia yupo Kaizari Wilhelm II, ametazama kushoto, amevaa kofia ya chuma yenye tai utosini, na jina lake limeandikwa kwa Kilatini: GUILELMUS II IMPERATOR. Sifa ya uso huo ni ya mchongaji kuliko ya Kaizari. Katika kazi hiyo, sura hufinyangwa kwanza ikiwa kubwa, mashine huinakili kwa kipimo kidogo katika chuma cha pua, chuma hicho hukazwa kwa moto, kisha ndicho kinachozaa mihuri ya kupigia sarafu. Kina alichonacho fundi hakifiki milimita moja. Humo lazima vipatikane shavu, sharubu, manyoya ya tai na mikunjo ya vazi la kijeshi. Pua ikizidi ukingo kwa kimo, itasagika mapema, na sarafu hazitapangika moja juu ya nyingine. Vijino vya pembeni navyo si pambo tu: humfichua aliyekwangua fedha.

Sarafu hiyo ilifika pia bara. Huko Biharamulo, kaskazini-magharibi mwa nchi, walikojenga boma, Wajerumani hawakukuta watu wageni wa ufundi wa madini. Warongo, wahunzi wa huko, waliyeyusha chuma, na jembe lao lilikuwa mali ya kulipia mahari. Mamlaka ya watawala wa nchi za eneo hilo, Rusubi, Bushubi na Bugufi, yalionekana katika ngoma, si katika sura iliyochorwa. Kodi ya vibanda, iliyoanza katika koloni mwaka 1898 kwa rupia 3 vijijini, ndiyo iliyomlazimisha mtu kuitafuta sura ya mtawala asiyewahi kukanyaga nchi hiyo. Hata Bugufi, ambayo sasa imo wilayani Ngara na ambayo Wajerumani waliihesabu upande wa Urundi, ilikuwa chini ya Kaizari huyohuyo.

Mwaka 1904 serikali iliigawa rupia kuwa heleri 100 badala ya pesa 64. Simba wa kampuni ya Kijerumani iliyotoa rupia za mwanzo akaondolewa upande wa nyuma, uso wa Kaizari ukabaki. Vita vikaja: mwaka 1916 Wabelgiji waliiteka Biharamulo, na baadaye utawala ukawa wa Waingereza.

Shilingi yao ya mwaka 1921 ilimwonyesha George V akiwa na taji, na nyuma simba mbele ya milima. Simba huyo amechongwa vizuri, lakini madini yalikuwa duni: fedha sehemu 250 tu katika 1,000. Baada ya Vita Kuu ya Pili hata hiyo iliondolewa, ikawa shaba na nikeli. Shilingi ya Tanzania ya mwaka 1966 ilipigwa kwa mchanganyiko huohuo, ikiwa na Julius Nyerere kichwa wazi, na nyuma mkono ulioshika mwenge.