Ziwa Tanganyika ndani ya lita 128

Fundi mzuri wa matangi ya samaki utamjua anaposhika pima maji. Tangi liko mezani, halijaingia hata tone, naye ameinama anatazama kiputo. Anahamia upande wa pili, anatazama tena, kisha anachomeka kibao chembamba chini ya mguu mmoja wa meza. Tangi la sentimita 80 kwa 40 kwa 40 hujaa lita 128, yaani kilo 128 za maji matupu. Ongeza mchanga na vioo vyenyewe, na meza inabeba zaidi ya kilo 150. Ikiwa imeinama, shinikizo halilingani pande zote, na mshono wa kona ya chini unaweza kuanza kuvuja miezi kadhaa baadaye, usiku watu wamelala. Mshono nao una adabu zake. Kingo za kioo hupigwa msasa, hufutwa kwa spiriti hadi isibaki alama ya kidole, silikoni huvutwa kwa mkono usiositasita, halafu tangi huachwa hadi harufu ya siki iishe kabisa. Silikoni ya bafuni, ile yenye dawa ya kuzuia ukungu, haiguswi, kwa sababu dawa hiyo huua samaki.

Kazi hii naistaajabia hasa inapofanywa kwa ajili ya samaki wa Ziwa Tanganyika. Humo mna zaidi ya aina 200 za sikilidi, jamaa ya sato na perege, na karibu zote haziishi popote pengine duniani. Watu wa Kigoma wanamjua kuhe kwa ladha. Huyo ni miongoni mwa sikilidi wakubwa kuliko wote. Katika ziwa hilohilo, upande wa kusini, yupo mmoja wa wadogo kuliko wote, Neolamprologus multifasciatus, samaki mwenye michirizi myembamba ambaye dume wake hafiki urefu wa kidole cha mtu mzima na jike ni mdogo zaidi. Anaishi ndani ya magamba matupu ya konokono wa ziwa hilo, Neothauma, yaliyorundikana kwenye sakafu ya ziwa kwa vizazi visivyohesabika. Humo hulala, hujificha na kutaga mayai. Kwa mtu mwenye nafasi ndogo na subira kubwa, sijui samaki mwingine anayestahili zaidi.

Maji ndiyo kazi yenyewe. Mito, hasa Ruzizi unaotoka Ziwa Kivu, huliingizia ziwa madini. Mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, nao huondoka na sehemu ndogo. Maji mengi hupanda angani kama mvuke na kuyaacha madini nyuma. Ndiyo maana pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, hukaa kati ya 8.6 na 9.2 hivi, na maji ni magumu, yaani yamejaa madini. Mjuzi huijenga hali hiyo kwa mchanga wa chokaa, vipande vya matumbawe ndani ya chujio, na inapobidi bikaboneti ya soda na chumvi ya Epsom, vikipimwa kwa mizani na kuyeyushwa kwenye ndoo ya pembeni. Tarakimu isiyohama ndiyo anayoitafuta. Samaki huivumilia 8.4 ya kila siku vizuri zaidi kuliko kupandishwa na kushushwa kila wiki.

Kisha kuna jambo ambalo kwangu ndilo linaloonyesha kwamba mtu anaelewa anachofanya. Tangi nalo hupoteza maji kwa mvuke kama ziwa, na madini hubaki. Basi maji yaliyopungua kwa mvuke hurudishiwa maji laini, ya mvua kwa mfano. Yaliyotolewa wakati wa kusafisha hurudishiwa maji yaliyotengenezwa. Asiyejua hujaza yote kutoka ndoo moja, na baada ya mwaka maji yake yameshakuwa kitu kingine bila yeye kujua kwa nini.

Hali ya hewa ya pwani ina shauri lake. Ziwa hukaa kwenye nyuzi 24 hadi 27 hivi, kwa hiyo Dar es Salaam au Mombasa kifaa cha kupasha maji moto hakina kazi. Taabu ni kuyapoza. Tangi huwekwa mbali na dirisha la jua, na feni ndogo huelekezwa usoni pa maji.

Sasa inafika sehemu inayowashinda wengi, kwa sababu macho hayaoni chochote kikitendeka. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili ikiwa maji yanabadilishwa kwa zamu. Bakteria hao hujishikiza kwenye sponji ya chujio, kwenye mchanga, juu ya kila gamba, nao kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kujaa. Katika maji ya Tanganyika kungoja huku kuna uzito wa pekee. Kwenye pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia ndiyo huwa katika umbo la sumu kali. Kwenye pH 9 na nyuzi 25, ni zaidi ya theluthi moja. Kipimo ambacho tangi jingine lingekimeza, hapa kinaua.

Kwa hiyo utamkuta mtu mwenye tangi zuri, mchanga umetandazwa, chujio linaunguruma, maji yanang'aa, na hamna samaki hata mmoja. Kila baada ya siku chache hudondosha chembe za chakula zioze, huchota maji kwenye kichupa, huongeza matone ya kupimia na kusoma rangi kwenye mwanga wa mchana. Anaandika. Wageni wanamuuliza samaki wako wapi, naye anawajibu kwa utulivu kwamba bado. Namheshimu sana mtu huyo. Hata kukatika kwa umeme amekufikiria: pampu ya hewa ya betri iko tayari kabatini, maana chujio likisimama kwa saa nyingi bakteria nao hukosa hewa.

Magamba hutandazwa karibu karibu juu ya mchanga wa kina cha sentimita tano au zaidi, mengi kuliko idadi ya samaki, ili asiwepo wa kugombania nyumba. Mtu huyapanga kwa jicho lake, na samaki huyapangua. Wakishafunguliwa hukaa chini kwa hofu muda kidogo, halafu wanaanza kuhamisha mchanga kwa midomo, funda kwa funda, hadi magamba yanakaa ndani ya shimo walilolichimba wenyewe. Mwenye tangi hodari haurudishi mchanga mahali pake. Baada ya muda vichanga vidogo kuliko punje ya mchele huonekana kwenye midomo ya magamba, na wakubwa huwaacha wakue humohumo, hivyo vizazi kadhaa huishi kundi moja.

Umakini huu una faida inayovuka sebule. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 furu, sikilidi wa ziwa lile, walikuwa wametoweka sehemu nyingi. Wapo furu ambao ukoo wao umeendelea kwenye matangi ya Ulaya na Marekani, kwa watu waliopima maji wiki baada ya wiki.

Tangi la magamba likijaa, samaki hugawiwa. Hakuna haja ya kuwafukuza kwa wavu. Huinuliwa gamba zima chini ya maji, samaki akiwa ndani, na kuwekwa kwenye mfuko pamoja na maji yake. Ila mjuzi hatampa mtu gamba hata moja kabla hajayapima maji ya tangi jipya kwa mkono wake, na amonia na nitriti zikaonyesha sifuri.